Milioni 20 zimeliwa? Tuhesabu kwanza

Haya ni maneno niliyosema mbele ya vijana wa chama hapa Kilwa Masoko. Wengi mlioshindwa kufika mmeomba niyaweke kwa maandishi, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, isipokuwa sehemu za hesabu nimezinyoosha kidogo ili msomaji asipotee.

  

Niliitwa nije kuzungumza kuhusu haki za raia anapokamatwa na polisi. Ni mada nzuri na tunaihitaji, tena sana. Lakini nimemwomba katibu wetu ruhusa niisogeze hadi safari nyingine, kwa sababu kuna jambo linanikaa rohoni muda mrefu. Leo nataka tuzungumze kuhusu kazi moja inaitwa ukadiriaji majenzi. Naona sura zimeshangaa. Kaka pale kashaanza kutazama simu. Subiri kidogo kaka yangu, tutafika.

Mkadiriaji majenzi ni mtu anayeangalia ramani ya jengo kabla hata jiwe moja halijawekwa, akakwambia: jengo hili litakula mifuko kadhaa ya saruji, nondo kadhaa, mbao kadhaa, bati kadhaa, siku za fundi kadhaa, na jumla yake ni pesa hii. Si mhandisi. Mhandisi anahakikisha jengo halitakuangukia. Si mbunifu majengo, yule anayechora. Wala si mthamini, yule tuliyemzoea sisi watu wa Lindi kwa habari za fidia, anayekuja kutathmini shamba na nyumba yako ambayo tayari ipo. Mkadiriaji anashughulika na kitu ambacho bado hakipo, anakipa bei. Halafu ujenzi ukianza, yeye ndiye anayepima kila hatua iliyofanyika ili mkandarasi alipwe kwa kazi aliyoifanya, si kwa kazi aliyoisimulia.

Sasa kwa nini msichana anayesoma sheria asimame hapa kuwasifia watu wa hesabu? Kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Naomba niisimulie yote, msinionee huruma.

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilikuwa nimeingia chuo, mwaka wa kwanza, kichwa kimejaa vifungu vya Katiba. Nikarudi likizo kwa mama, kwenye kimoja cha visiwa vyetu hivi. Sitataja kijiji, sitataja shule. Wakati ule serikali ilikuwa inajenga madarasa nchi nzima. Mnakumbuka, mwaka mmoja kabla yalikuwa yale 15,000 ya fedha za UVIKO, zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF. Mwaka huo wa 2022 yakaja mengine 8,000 kwa shilingi bilioni 160. Gawanya mwenyewe: milioni 20 kwa darasa moja. Iwe Kinondoni, iwe Kigoma, iwe kisiwani kwetu ambako hata kokoto inapanda mashua, milioni 20.

Nilikuta darasa limesimama kwenye linta. Hakuna kenchi, hakuna bati, hakuna sakafu. Pesa, wanasema, imekaribia kuisha. Kijiji kinanong'ona. Ukaitishwa mkutano wa kijiji, mimi nikasimama. Jamani, nilizungumza! Nilisema milioni 20 haiwezi kuishia ukutani. Nikasema ni ufisadi wa mchana kweupe. Nikamnyooshea kidole mwalimu mkuu aliyekuwa anasimamia ujenzi, mzee wa watu, karibu na kustaafu, nikasema amekula pesa za watoto wetu. Watu walinipigia makofi mpaka nikasikia kizunguzungu cha utamu.

Mwalimu yule aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza, "Mwanangu, umehesabu imetumika mifuko mingapi?"

Nikamjibu, "Sihitaji kuhesabu, macho yanaona."

Watu wakacheka, wakazidi kupiga makofi. Yeye akakaa. Baada ya pale aliondolewa kwenye usimamizi wa ujenzi. Watoto aliowafundisha kusoma wakawa wanamwita mwizi akipita. Mke wake aliacha kuja kisimani saa za watu wengi. Hayo nilikuja kuambiwa baadaye na mama, mimi nilikuwa nimesharudi Dar na ushujaa wangu.

Idd iliyofuata nikarudi. Jirani yetu ana binti anafanya kazi ya ukadiriaji majenzi Dar es Salaam, naye alikuwa amekuja kusalimia wazazi. Mimi nikamsimulia ile habari kwa majivuno, nikitegemea anipongeze. Dada yule akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Risiti ziko wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Twende."

Tulikwenda kwa mtendaji, na kwa mwalimu mwenyewe, ambaye alitoa faili lake bila neno. Faili safi kuliko madaftari yangu ya chuo. Dada akakaa chini ya mwembe, asubuhi mpaka adhuhuri, na futi kamba, kalamu na kikokotoo cha simu. Alipomaliza alinionyesha mambo mawili.

La kwanza. Makadirio yaliyoletwa yalitengenezwa kwa bei za bara. Hayakuwa na mstari hata mmoja wa usafiri wa majini. Mchanga wa kisiwani ni wa bahari, una chumvi, na chumvi inakula nondo ndani ya zege taratibu mpaka zege linapasuka. Mwalimu, kwa kufuata maelekezo ya wataalamu, akakataa mchanga wa ufukweni, akaagiza wa bara. Mchanga umetiwa kwenye viroba, umepandishwa mashua, umeshushwa kwa mabega maji yakiwa yametoka. Kokoto vilevile. Saruji vilevile, na hapo kuna mifuko iliyolowa ikaganda. Ukijumlisha nauli ya mashua na ujira wa wapakuzi, risiti kwa risiti, ndiko bati na kenchi zilikoishia. Hazikuliwa na mtu. Ziliishia baharini, kwa maana ya nauli.

La pili ndilo lililoniuma zaidi. Wizi ulikuwapo. Ila haukuwa pale nilipoonyesha kidole. Nondo za mkanda wa juu zilikuwa bado zimelala chini, hazijafungwa. Kwenye makadirio na kwenye risiti zimeandikwa milimita 12. Dada akazishika, akasema, "Hizi ni kumi." Tukazipeleka kwa mnunuzi wa pweza, ana mizani ya kuning'iniza. Kila moja ilikuja kilo saba na kitu. Ilitakiwa kilo kumi na nusu. Duka lililouza liliandika kitu kingine na kuleta kingine, na kamati ya mapokezi ya kijiji, yaani majirani zetu, wajomba zetu, walisaini kwamba wamepokea sawasawa. Si kwamba walihongwa. Walihesabu nondo, zikatimia idadi, wakasaini. Hakuna aliyejua kwamba nondo inapimwa pia kwa unene.

Na mimi, mwanasheria mtarajiwa, nilisimama mita kumi kutoka kwenye ule mzigo wa nondo nikampigia kelele mtu asiye na hatia.

Nilikwenda kumwomba radhi mwalimu. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Akaniambia, "Siku ile ungekuja na futi kamba, mimi mwenyewe ningekushikia ncha ya pili." Duka lilibadilisha nondo baada ya kijiji kwenda na mizani yake. Lakini jina la mwalimu halikubadilishwa kwa urahisi namna hiyo. Kumwita mtu mwizi kunachukua dakika mbili. Kumsafisha, mpaka leo bado nasafisha, na hii hotuba ni sehemu yake.

Basi. Hiyo ndiyo sababu niko hapa.

Sisi vijana wa upinzani tuna tabia moja, tuseme ukweli tukiwa wenyewe. Tukiona mradi umechelewa tunasema umeliwa. Mara nyingi tunapatia, kwa sababu kweli huliwa. Ripoti za CAG zimetaja mwaka baada ya mwaka udhaifu wa miradi inayojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ule ambao shule au zahanati inanunua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa mtaani badala ya mkandarasi. Lakini kupatia kwa kubahatisha si kujua. Na yule mla pesa anafurahi sana tukipiga kelele bila namba, kwa sababu anaomba namba moja tu, mifuko mingapi, na sisi tunanyamaza. Kesi imekwisha. Mahakamani ingekuwa imekwisha kwa dakika tano, hilo nawahakikishia kwa ninachosoma.

Sasa toeni madaftari. Sitanii. Nataka tupige hesabu ya darasa moja, hapa hapa, ili mwone kwamba huu si uchawi.

Tuchukue darasa lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7. Ukizunguka kuta zote unapata mita 32. Ukuta uwe na kimo cha mita 3. Thelathini na mbili mara tatu, tisini na sita, hizo ni mita za mraba za ukuta mzima. Toa milango na madirisha, tuseme yanachukua mita za mraba 16. Zimebaki 80. Tofali la saruji la inchi sita, lile la urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 23, ukiweka na udongo wake wa kuungia linaingia tisa na kidogo kwenye mita moja ya mraba. Tukiweka kumi tunafidia yatakayovunjika. Kumi mara themanini, tofali 800. Mtu akikuletea risiti ya tofali 1,400 kwa kuta hizo, una swali la kumuuliza. Pengine ana jibu zuri, msingi umekwenda chini sana, kuna ukuta wa kibaraza. Lakini sasa unamuuliza swali, humtukani.

Sakafu. Tisa mara saba ni 63. Jamvi la zege unene wa sentimita 10, maana yake 63 mara 0.1, unapata mita za ujazo 6.3. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, linakula karibu mifuko sita na nusu kwa mita moja ya ujazo. Jumla mifuko kama 41. Fundi akikwambia ametumia 20, usifurahie ubanaji wake wa matumizi. Hilo si zege, hilo ni uji, na watoto wetu watakuwa wanachimba mashimo kwa vidole vya miguu kabla ya mwaka kuisha. Wizi wa saruji hauonekani tu kwenye mifuko iliyozidi. Unaonekana zaidi kwenye mifuko iliyopungua.

Nondo, hii ndiyo niliyoilipia ada kubwa. Mkanda wa juu unazunguka mita 32, una nondo nne. Mita 128. Nondo moja ina mita 12, kwa hiyo ni kumi na moja, na ukiweka pale zinapopishana ni kumi na mbili. Sasa uzito: chukua kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Ya milimita 12: mia na arobaini na nne gawanya kwa 162, ni 0.89. Mara mita 12, kilo kumi na nusu na zaidi kidogo. Ya milimita 10: ni 0.62, mara mita 12, kilo saba na nusu kasoro. Kila nondo wamekuibia kilo tatu.

Nyie mlio na mashamba ya korosho na ufuta hamhitaji kuelezwa kilo tatu ni nini. Nani hapa hajawahi kugombana na karani wa AMCOS juu ya mizani? Nani hajui kangomba, mtu anapopimiwa korosho kwa bakuli lililobonyezwa? Watu wa mkoa huu tuna akili ya mizani kuliko wengi nchini, tumeumizwa mpaka tumejua. Ila tukifika kwenye jengo la serikali akili ile tunaiacha mlangoni, tunadhani hesabu za majengo ni za watu wenye kofia za plastiki.

Na si kweli kwamba ni elimu ya wageni. Vukeni hapo Kisiwani, mwendo mfupi tu wa mashua. Ule Msikiti Mkuu na lile jumba la Husuni Kubwa, la mwanzoni mwa karne ya 14, yalijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mmeshajiuliza kwa nini vyumba vya zamani pwani yote hii ni vyembamba na virefu? Ni boriti. Mti wa mkoko unakupa urefu wake, si zaidi, na upana wa chumba unafuata hapo. Kwa hiyo fundi wa Kilwa alijua kabla ya kuanza: vyumba kadhaa, boriti kadhaa, matanuru kadhaa ya kuchomea chokaa. Mtu alihesabu. Watalii wanakuja kuona mawe, sisi wajukuu tunashindwa kuhesabu tofali. (Husuni Kubwa halikumalizwa, wanasema wataalamu. Yule dada aliponisikia nikilisifia alicheka, akasema pengine walikosa mkadiriaji.)

Sasa tuje kwa wale ambao ndani yenu naona mko kidato cha nne, cha sita, na wale wa nyumbani mnaosubiri. Nataka kumi kati yenu mfanye kazi hii. Hata watano.

Njia yenyewe ni hivi. Inaanzia kwenye Hisabati ya kidato cha nne, na hapo ndipo tunapozikwa wengi. Nchi nzima, ni kama robo tu ya watahiniwa wanaofaulu Hisabati mtihani wa kidato cha nne. Robo! Ukichukua shule zetu za huku, zenye mwalimu mmoja wa Hisabati au hakuna kabisa, unajua mwenyewe. Mimi hilo nalihesabu kuwa suala la kisiasa kuliko hotuba nyingi tunazotoa majukwaani. Wilaya isiyo na mwalimu wa Hisabati haitakuwa na mtu wa kukagua matumizi yake. Sisemi kuna mtu alikaa akapanga hivyo. Nasema kuna watu inawafaa.

Ukifika kidato cha tano, tahasusi zenye Hisabati ndizo zinazokubeba: PCM, PGM, EGM. Hiyo ya mwisho muizingatie, Uchumi, Jiografia na Hisabati, maana wengi mnadhani mambo ya majengo lazima Fizikia na Kemia. Kisha chuo. Kinachojulikana zaidi ni Chuo Kikuu Ardhi pale Dar es Salaam, kilichokuwa chuo kishiriki cha Mlimani kabla ya kusimama chenyewe mwaka 2007. Shahada yao ya uchumi wa majengo ndiyo shahada ya ukadiriaji, miaka minne. Wapo pia wanaopanda ngazi kwa ngazi: cheti cha ufundi, kisha stashahada, kisha shahada. Chuo cha VETA kipo Lindi mjini. Fundi mwashi aliyeshika mwiko miaka mitatu halafu akaenda kusoma makadirio ni hatari sana, kwa maana nzuri, kwa sababu huwezi kumdanganya siku za kazi.

Shahada peke yake haikufanyi mkadiriaji kisheria. Hapa naomba mniruhusu nivae joho langu kidogo. Kuna Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Inaunda Bodi, kwa kifupi mnaiona kwenye mabango AQRB. Ukimaliza chuo unafanya kazi chini ya aliyesajiliwa, unapimwa, ndipo unasajiliwa. Kujiita mkadiriaji majenzi bila usajili ni kosa. Na usajili una maana, kwa sababu Bodi inaweza kukufuta. Nasema hivi kwa makusudi: mkadiriaji naye anaweza kuwa mwizi, na akiwa mwizi huwa mwizi mkubwa, maana anaiba kwa kalamu kabla ujenzi haujaanza. Mita za ujazo za kifusi ambacho hakijawahi kuchimbwa. Kazi ya ziada iliyoongezwa katikati. Ndiyo maana nataka watu wetu wenyewe wawepo upande ule wa meza.

Kazi zenyewe zipo? Hapa hapa Masoko kuna mradi wa bandari ya uvuvi, wa zaidi ya shilingi bilioni 260, Rais aliweka jiwe la msingi Septemba 2023. Vijana wetu wamo mle, nimewaona, wanabeba, wanafunga nondo, wanalinda usiku. Kazi halali, siidharau hata kidogo, baba yangu ni kibarua. Lakini nimeuliza na sijaonyeshwa kijana hata mmoja wa Kilwa aliyekaa ofisini anapima kazi kila mwisho wa mwezi. Songosongo gesi imetoka tangu 2004, miaka yote hiyo tumekuwa walinzi na madereva wa gesi yetu. Kesho ule mradi wa gesi wa Likong'o ukianza kweli, itakuwa vilevile, tutaandamana kudai ajira na tutapewa majembe. Hatuna cha kujibu wakituambia leteni mwenye sifa.

Na pwani hii inahitaji mkadiriaji anayeijua pwani. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na zile mvua, barabara ya Dar ilikatika Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa. Mtu aliyekaa mbali akiandika bei ya saruji Kilwa hakumbuki kwamba kuna siku barabara haipo. Wala hajui kwamba mashua inasubiri maji yajae. Mtoto wa hapa anajua bila kufundishwa.

Wale ambao shule imeshapita msiondoke, sijawasahau. Novemba 2024 kwenye serikali za mitaa wengi wetu tulienguliwa kabla ya kupigiwa kura, sina haja ya kurudia, majeraha bado mabichi. Hatumo kwenye halmashauri za vijiji. Lakini mkutano mkuu wa kijiji si wa walioteuliwa. Ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, sheria ya serikali za mitaa inasema hivyo, na hakuna msimamizi wa uchaguzi anayeweza kukuengua usihudhurie. Kamati za fosi akaunti, ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi, zinachukua watu wa kijiji. Jitoleeni kwenye kamati ya mapokezi! Hakuna anayeigombania, watu wanadhani ni kamati ya kupokea wageni. Pale ndipo nondo inapopimwa au haipimwi.

Na kama huna nafasi kwenye kamati, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, nao wana siku 30 za kukujibu. Omba ramani. Omba makadirio, mafundi wanayaita BOQ. Omba nakala za hati za kupokelea vifaa. Usiombe "taarifa za ufisadi," hakuna faili lenye jina hilo. Mimi nitawaandikia barua, bure, hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Ila barua yangu haina meno kama hakuna atakayejua kusoma kitakachorudi.

Kuna ndugu aliniuliza mapema, kabla hatujaanza, kwamba je, tukianza hesabu hizi hatutaonekana tumelainika? Chama cha upinzani kazi yake kupinga. Nimeifikiria ile hoja njia nzima. Kaka, siku ile kisiwani nilikuwa mkali kuliko nilivyowahi kuwa, na mwenye duka aliyeuza nondo za kumi alikuwa amesimama pale pale mkutanoni. Na yeye alinipigia makofi.

Jumamosi ijayo baada ya adhuhuri tunakutana hapa hapa. Kuna jengo la choo cha shule linaendelea karibu, tumeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu na amekubali tukapime. Nataka futi kamba tano, mimi ninayo moja. Kila mtu aje na daftari. Mwenye mjomba mwenye mizani ya kuning'iniza amwombe atuazime, tutairudisha kabla ya magharibi. Na yeyote aliye kidato cha tatu au cha nne ambaye Hisabati inamsumbua abaki sasa hivi tuongee, kuna kaka hapa amemaliza EGM mwaka huu na yuko nyumbani mpaka chuo kifunguliwe, amesema atafundisha.